Nyonga mpya, lakini damu itatoka wapi?

Mtu akiambiwa na munganga kama nyonga yake imekufa na inaomba kubadilishwa, jamaa inauliza kwanza bei. Swali la pili ni kali zaidi: damu itatoka wapi? Huku kwetu tunajua namna inapita. Ndugu, shemeji, jirani, wote wanaitwa kutoa damu, na si kila mara grupu inapatana.

Mtu mzima ana litri tano hivi za damu. Kubadilisha nyonga ao goti kunaweza kumpotezea zaidi ya litri moja, maana mfupa uliokatwa haufungwe na uzi kama mshipa. Sehemu ingine hata haionekane: inaingia ndani ya nyama, mguu unavimba, na kisha siku mbili tatu mgonjwa anasikia kizunguzungu.

Kumbe iko dawa ya bei ndogo, asidi traneksamiki. Wajapani wawili, bwana na bibi, Shosuke na Utako Okamoto, waliitangaza mwaka 1962. Yenyewe haigandishe damu. Inakataza tu damu iliyokwisha kuganda isiyeyuke mbio. Inapigwa ku mshipa mbele ya kisu, ao inamwangwa ndani ya kiungo, na wagonjwa wanaohitaji kuongezewa damu wanapunguka kwa nusu hivi. OMS iliitia ku orodha ya dawa za lazima mwaka 2011. Lakini mwenye damu iliwahi kumganda ku mguu ao ku mapafu, aseme mapema.

Kwa maoni yetu, kazi kubwa inafanyika majuma mengi mbele: kupima emoglobini, kutibu malaria na minyoo, kunywa vidonge vya chuma kama chuma ndiyo inakosa. Mwenye kuingia ku bloki na damu kidogo hana akiba. Kwa wagonjwa wa SS, ambao nyonga yao inaharibika wangali vijana, hesabu ni ingine: chuma hawapewe ovyo, wafuatwe na munganga anayejua ugonjwa wao. Wanaokunywa aspirini wasiiache kwa kichwa yao.

Kwa hiyo siku ya konsultasio, ulizeni: emoglobini yangu ni ngapi? Ile dawa iko hapa, ao tuinunue sisi? Na nikikosa damu usiku, nani ataitwa?