Maaskofu Watatu na Sheikh Mmoja

Sogeeni karibu, na mwenye simu aiweke mfukoni. Leo hakuna sungura wala fisi. Nawapa kisa cha wazee wanne wa heshima zao, maaskofu watatu na sheikh mmoja, ambao mwezi Juni mwaka 2003 waliacha vitanda vyao wakaenda kulala nje, chini, pamoja na watoto wasio wao. Walilala hivyo usiku nne mfululizo.

Mji wenyewe ni Gulu, kaskazini mwa Uganda, nchi ya Waacholi. Vita ilikuwa imeanza huko tangu miaka ya 1980. Waasi walijiita LRA, na mkubwa wao alikuwa Joseph Kony. Walipotaka askari hawakuandikisha watu, waliiba watoto. Waliingia kijijini usiku, wakapiga mlango teke, wakawafunga watoto kamba na kuwaswaga porini. Wavulana walipewa bunduki, wasichana wakagawiwa makamanda. Watoto zaidi ya 20,000 walichukuliwa namna hiyo.

Ungekuwa wewe ndiye mzazi, ungefanyaje? Wazazi wa vijijini walibaki na njia moja tu: mtoto asilale nyumbani. Kila jioni jua likianza kushuka, watoto walishika njia kuelekea mjini, kwa miguu, kilomita baada ya kilomita. Dada mtu kambeba mdogo wake mgongoni, kaka mtu kajitwika mkeka, na wa mwisho anakokota blanketi vumbini huku akigombezwa aharakishe. Wakifika mjini walilala kwenye baraza za maduka, stendi ya mabasi, uwanja wa hospitali, popote palipo na taa na watu. Alfajiri wanarudi, wengine moja kwa moja hadi shuleni. Vita ilipopamba moto, kaskazini nzima walifika kiasi cha 40,000.

Ndipo wale wazee wakaamua kwenda kulala nao. Alikuwapo John Baptist Odama, Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki. Alikuwapo Nelson Onono-Onweng, askofu wa Anglikana, na mwenzake mstaafu Macleod Baker Ochola. Na alikuwapo Sheikh Musa Khelil, kadhi wa Waislamu wa huko. Walitaka serikali na dunia ione watoto wanaishije. Mtoto akilala barazani kila siku watu huzoea, wanampita tu. Askofu Mkuu akilala hapo, kila mtu anauliza kuna nini.

Msidhani walikutana kwa bahati. Miaka kadhaa nyuma, mwaka 1998, baraza lao la viongozi wa dini wa Acholi lilikuwa limezinduliwa rasmi, Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na Waorthodoksi ndani yake. Hakuna aliyeambiwa aache swala yake au misa yake. Wala hawakukaa kubishana nani ataiona pepo. Walizika watu wa vita ile ile, basi wakaanzia hapo.

Sasa njooni kwenye sehemu ngumu, maana hapa hata watu wazima walikwaruzana. Wazee hawa waliitaka serikali iwasamehe waasi. Iwasamehe wauaji! Lakini fikirini. Mtoto kaibwa ana miaka kumi, kapewa bunduki, kalazimishwa kuua. Baada ya miaka miwili anaitwa mwasi. Jeshi likimpiga risasi, limemuua nani? Kuna kina mama walioomba jeshi lishinde, na papo hapo wakaomba risasi isimpate mwana wao. Viongozi wa dini waliwasikia kina mama hao, wakaipigia debe Sheria ya Msamaha mpaka ikapitishwa mwaka 2000: mwasi akiweka silaha chini na kurudi, hashtakiwi. Kwa miaka iliyofuata watu zaidi ya 26,000 wa makundi mbalimbali ya waasi waliupata msamaha huo.

Askofu Ochola hakusema hayo kwa wepesi. Mkewe aliuawa na bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997. Mtu wa namna hiyo akizungumzia msamaha, nani atamwambia hajui uchungu?

Wazee hawa walikwenda hadi porini kuongea na makamanda wa Kony, roho mkononi. Serikali ikawashuku kuwa wako upande wa waasi, waasi nao wakawashuku kuwa ni wapelelezi wa serikali. Mimi naona hapa ndipo wingi wao ulipowafaa. Askofu akienda peke yake ni rahisi kusema anatetea waumini wake. Akiwa na sheikh ubavuni, neno hilo halina miguu.

Nisiwadanganye, usiku nne hazikumaliza vita. Ila macho ya dunia yalianza kugeukia Gulu. Mwezi Novemba mwaka ule ule, Jan Egeland, mkuu wa misaada ya dharura wa Umoja wa Mataifa, alifika kujionea. Mwaka 2004 baraza lile likatunukiwa Tuzo ya Amani ya Niwano ya Japani. Mwaka 2006 serikali na waasi wakakaa mezani mjini Juba, bunduki zikanyamaza kaskazini mwa Uganda, na watoto wakaanza kulala makwao. Kony mwenyewe alikataa kutia saini mkataba wa mwisho mwaka 2008, akabaki katika mapori ya nchi jirani akiwatesa watu wengine.

Watoto wa usiku zile leo ni watu wazima, wengi wana watoto wa rika lenu. Mkikutana na mtu wa Gulu wa umri huo, muulizeni mwaka 2003 alikuwa akilala wapi. Muulizeni kwa adabu, na asipotaka kusema, msimlazimishe.