Raga: Kichwa kikigongwa, mechi imekwisha

Mechi ya majirani haina urafiki. Kenya na Uganda wanapokutana katika raga kuwania Kombe la Elgon, lililoanza mwaka wa 2004 na kupewa jina la mlima ulio mpakani mwa nchi hizi mbili, hata asiyejua sheria za mchezo huu huketi karibu na televisheni. Mwaka wa 2019 mkondo mmoja ulichezwa Kisumu, na hapo vita vya Simba wa Kenya na Cranes wa Uganda vikawa vimekaribia kabisa vilima vyetu vya Gusii. Kisii mjini tuna klabu yetu ya raga, na Shule ya Kisii imecheza mchezo huu miaka mingi. Ni wazi basi kwamba wako vijana wengi hapa na Nyamira wanaoota ndoto ya kuvaa jezi ya taifa.

Australia na New Zealand nao ni majirani wasioachiana katika raga ya ligi, yenye wachezaji 13 kila upande. Sisi na Waganda hucheza ile ya wachezaji 15. Idadi ni tofauti, lakini vichwa ni vile vile, na leo, msomaji, nataka tuzungumze juu ya vichwa hivyo.

Katika mechi kubwa za kimataifa huenda umeona mchezaji akigongwa kichwa, akatolewa nje, kisha baada ya dakika chache akarudi uwanjani huku mashabiki wakimpigia makofi. Kijana wa shule huona hayo na kudhani ndiyo sheria. Sivyo. Mchezaji yule huchunguzwa na daktari aliyefunzwa kazi hiyo, na dalili za wazi zikionekana harudi ng'o. Katika mechi za shule na za klabu ndogo, mwongozo wa shirika la raga duniani ni mmoja tu: ukishuku kwamba ubongo umetikisika, mchezaji atoke mara moja na asirudi siku hiyo.

Je, mtikisiko wa ubongo ni nini? Fikiria maziwa ndani ya kibuyu kinachotikiswa. Kibuyu hakipasuki, lakini maziwa huvurugika. Ubongo ni laini, nao huweza kutikiswa ndani ya fuvu ambalo halina hata mchubuko. Picha ya kichwa inayopigwa kwa mashine hospitalini mara nyingi haionyeshi kasoro, kwa kuwa kazi yake ni kutafuta damu iliyovuja au mfupa uliovunjika.

Wazazi wengi huniambia, "Daktari, kijana hakuzirai, kwa hivyo hakuumia." Hili ni kosa. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazirai kamwe. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kuchukia mwanga na kelele, kuyumba, kusahau yaliyotokea, au kukasirika na kulia bila sababu. Nyingine hujitokeza saa kadhaa baadaye, au hata kesho yake.

Mwalimu wa michezo asiye na daktari anaweza kumuuliza mchezaji maswali mepesi: Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani alifunga mwisho? Wiki iliyopita mlicheza na nani? Je, mlishinda? Akikosea hata moja, atoke. Hata akijibu yote sawasawa, akiwa na dalili yoyote niliyotaja, atoke vile vile.

Mbona tuwe wakali hivyo? Ubongo uliotikisika huhitaji muda wa kujirekebisha. Kijana akigongwa tena kabla haujapona, dalili huzidi na kudumu. Aidha, kwa nadra, hasa kwa walio na umri wa shule, ubongo huvimba ghafla na kijana akafariki. Hakuna kombe lenye thamani hiyo.

Mpeleke hospitali bila kuchelewa mtu aliyegongwa kichwa akitapika mara kwa mara, maumivu yakizidi, akipata kifafa, akizidi kuchanganyikiwa au akiwa mgumu kuamka, mkono au mguu ukilegea, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, au damu au maji yakitoka sikioni au puani. Akilalamika shingo, msimwinue wala kumgeuza mpaka aje anayejua namna ya kumbeba. Msimmwagie maji, na msimfunge kwenye boda boda kumkimbiza Keroka au Kisii mjini.

Asiye na dalili hizo za hatari asiachwe peke yake siku hiyo ya kwanza. Anaweza kulala, mradi kuna mtu wa kumwangalia. Asinywe pombe, asiendeshe gari wala pikipiki, na asimeze aspirini au ibuprofeni, ambazo zaweza kuzidisha uvujaji wa damu. Parasitamoli yatosha.

Apumzike siku moja au mbili, kisha aanze kutembea na kusoma polepole. Masomo yatangulie, mchezo ufuate. Kwa wachezaji wa ngazi ya shule na klabu, mwongozo wa kimataifa unataka zipite angalau siku 21 kabla ya kurudi kwenye mechi, tena awe hana dalili yoyote. Kofia laini za raga zisiwadanganye. Hupunguza michubuko ya ngozi na masikio tu, hazizuii mtikisiko. Kinga bora ni kufundishwa kukaba vizuri. Utafiti umeonyesha kwamba anayeumia kichwa mara nyingi ni yule anayekaba, si mwenye mpira. Ainame, alenge chini ya kifua cha mpinzani, na aweke kichwa chake kando.

Wazee wetu wa Gusii hawakudharau jeraha la kichwa. Walikuwa na omobari omotwe, mganga wa kupasua kichwa, na madaktari walioandika juu ya kazi yake katika karne ya 20 walieleza kwamba wengi waliomwendea walikuwa na maumivu yasiyokwisha baada ya kugongwa. Leo sikushauri uende kukwanguliwa fuvu. Maumivu yakiendelea, nenda katika hospitali ya rufaa ya Kisii au ya Nyamira. Lakini chukua funzo lao: maumivu ya kichwa baada ya kugongwa si jambo la kupuuza.

Kwa hivyo, mzazi, kabla hujampa mwanao ruhusa ya kucheza, muulize mwalimu swali moja: mchezaji bora wa shule akigongwa kichwa dakika kumi kabla ya mwisho, na jirani yenu anaongoza, mtafanya nini? Jibu likiwa jingine lolote isipokuwa "atatoka", mtoto na abaki nyumbani mpaka jibu libadilike.