Kuchagua Bomba la Hewa la Pikapu

Yafaa kila mkulima mwenye pikapu ajue ya kuwa injini huvuta hewa nyingi mno: kilo 1 ya petroli huhitaji hewa kilo 14 na zaidi. Hewa hiyo ikiwa na vumbi, vumbi hula silinda na ringi za pistoni kama tupa ilavyo chuma. Basi atakaye kubadili bomba la hewa na aangalie mambo haya:

1. Asinunue chujio lililo wazi chini ya boneti. Huvuta hewa ya moto, nayo ni nyepesi, hupunguza nguvu.

2. Katika njia za vumbi, chujio la karatasi ni bora, maana kwa kawaida hushika vumbi laini kuliko la pamba lililotiwa mafuta.

3. Bomba lifikalo paa la gari huepuka vumbi la magurudumu. Lakini viungo vyote vibane: tundu dogo kati ya chujio na injini huharibu kazi yote.

4. Bomba refu si ruhusa ya kuvuka mto uliofurika. Injini yaweza kupumua, na maji yakachukua gari na watu.

Kabla ya kutoa fedha, litazame chujio la zamani. Likiwa limeziba, huenda chujio jipya la namna ile ile likatosha.