Maziwe: Kisiwa Kilichozama na Hifadhi Iliyobaki

Mwanachama aliyeko Ushongo, kusini ya mji wa Pangani, akitazama baharini maji yakiwa yamekupwa, huona fungu la mchanga mweupe juu ya mwamba, yapata kilomita 8 kutoka nchi kavu. Bamvua likijaa, fungu hilo hufunikwa lote. Hayo ndiyo mabaki ya kisiwa cha Maziwe. Kilikuwa kisiwa kidogo kisicho makao ya watu, chenye mivinje iliyoonwa na manahodha kutoka mbali, na aina tatu za kasa walipanda huko kutaga. Wataalamu walikihesabu miongoni mwa mahali muhimu kabisa pa kasa katika pwani ya Afrika Mashariki.

Kufikia mwaka 1981 Maziwe kilikuwa kimekwisha tangazwa rasmi kuwa hifadhi ya bahari. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya 1970 miti ilikuwa imekwisha na kisiwa kimeanza kuzama. Wako wanaolaumu kukatwa kwa mivinje, maana mizizi ndiyo iliyoshika mchanga. Wengine wanataja mikondo na mmomonyoko wa bahari yenyewe. Yaelekea sababu hizo zilisaidiana. Mchanga wa kisiwa cha namna hii haukukaa juu ya udongo mgumu, na usiposhikwa huhama.

Yafaa ieleweke kwa nini jambo hili ni zito kwa kasa. Jike huchimba shimo katika mchanga mkavu, juu ya mpaka wa maji kujaa, akataga mayai mia moja hivi, akayafukia na kurudi baharini. Mayai hukaa humo karibu miezi miwili. Nayo huvuta hewa kupitia ganda, hivyo yakifunikwa na maji muda mrefu hufa. Tena kasa huchukua miaka 20 au zaidi kukomaa, na jike aliyekomaa hurejea kutaga katika pwani za upande alikozaliwa. Kwa hiyo, kasa walioanguliwa Maziwe wakati mivinje ingali imesimama waliweza kurejea miaka mingi baadaye na kukuta mchanga unaozamisha mayai yao.

Ndiyo sababu mayai yanayotagwa Maziwe huhamishwa hadi pwani ya Ushongo na kufukiwa upya. Si kazi ya pupa. Yai hutakiwa kuhamishwa mapema baada ya kutagwa, bila kugeuzwa juu chini, kwani kiumbe kilichomo hujishikiza upande wa juu wa ganda na kikigeuzwa hufa. Anayeyachukua kwa nia njema bila ujuzi aweza kuyaharibu sawasawa na mwizi.

Kusini zaidi, karibu na Mkwaja, iko pwani ya Madete, ambako kasa hutaga bila kuhitaji kuhamishiwa mayai. Madete imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ile iliyochukua pia ardhi ya ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, ranchi iliyofungwa mwaka 2000. Tangu kisiwa kizame, thamani ya pwani za nchi kavu kama hii imezidi sana, wala hapana fungu jingine la kuzibadili.

Huenda mvuvi akauliza: kisiwa kimekwenda, basi hifadhi yabaki kulinda nini? Yalinda mwamba. Uvuvi umekatazwa ndani ya mipaka yake, na samaki wanaokulia humo hutoka nje na kuingia katika nyavu za watu walioko nje. Chama chenye wavuvi kinayo faida hapo, hata kama haionekani katika daftari la mapato. Baruti moja yaweza kuvunja matumbawe yaliyojengeka kwa miaka mingi. Na jarife linaloachwa usiku kucha karibu na Madete wakati wa kutaga humnasa jike kabla hajafika mchangani. Kasa akizuiwa kupanda juu kuvuta pumzi hufa maji.

Alama za kasa mchangani hufanana na za gurudumu la trekta, zikipanda kutoka majini na kurudi. Atakayeziona asichokoe kwa kijiti kutafuta mayai. Ampashe habari ofisa wa uvuvi, au askari wa hifadhi ikiwa ni upande wa Saadani, siku hiyo hiyo, kabla upepo na maji havijazifuta.