Kijapani Bila Kulipia: Vinara wa Intaneti

FSI, taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake, imekiweka Kijapani katika kundi la mwisho kwa ugumu: wiki 88 darasani, saa 2,200. Kiswahili kimepewa wiki 36 hivi. Hesabu hizo ni za mtu aliyekua na Kiingereza, na sisi tuna ahueni yetu. Irabu za Kijapani ni tano kama zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo mwanafunzi wa Tanga au Kisumu husikika vizuri kwa sikio la Mjapani tangu wiki ya kwanza. Kazi iliyobaki ni maandishi, sarufi na subira. Wengi wanakata tamaa kabla ya kufika huko kwa sababu ya ada na bei ya vitabu, na inaniuma, maana karibu kila kinachohitajika kwa miaka miwili ya mwanzo kimekwisha kuwekwa mtandaoni bure.

Mlango ulio karibu zaidi nasi

Ni NHK World, idhaa ya nje ya shirika la utangazaji la umma la Japani, ambayo hutangaza pia kwa Kiswahili. Mfululizo wake wa masomo kuhusu Anna, msichana wa Thailand anayesoma chuo kikuu jijini Tokyo, ulikuwa na vipindi 48 vya dakika 10 kila kimoja, ukafuatiwa na ule wa Tam kutoka Vietnam. Ufafanuzi wa sarufi umetolewa kwa Kiswahili, na hilo ni jambo kubwa: hulazimiki kwanza kuijua lugha ya tatu ndipo uifikie ya pili. Masomo haya huanza na lugha ya adabu, ile ya kuzungumza na mwalimu, mwenyeji au mtu usiyemfahamu. Mwongozo maarufu wa sarufi wa Tae Kim, nao wa bure lakini kwa Kiingereza, hufuata njia nyingine: huanza na maumbo ya kawaida ya vitenzi, heshima ikaja baadaye. Kimantiki Tae Kim ana hoja nzuri. Hata hivyo kwa mtu aliyelelewa kwa shikamoo, nadhani njia ya Anna ndiyo inayoingia akilini upesi.

Anayekwenda Japani kufanya kazi apakue vitabu vya *Irodori* vya Japan Foundation, vilivyotoka 2020 pamoja na sauti zake. Vimejengwa juu ya maisha ya kila siku: dukani, kazini, kwa daktari. Sijaona kitabu cha bure kinachovizidi kwa kazi hiyo.

Kamusi iliyobeba wengi kuliko zote

Ukitumia kamusi yoyote ya bure ya Kijapani kwenye simu yako, uwezekano ni mkubwa kwamba ndani yake kuna kazi iliyoanzishwa na mtu mmoja. Mwaka 1991 Jim Breen wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, alianza kukusanya faili aliloliita EDICT: neno la Kijapani, matamshi yake, maana yake kwa Kiingereza, basi. Mtu huyu hakuwa mwalimu wa lugha. Fani yake ilikuwa kompyuta na mawasiliano. Aliliachia faili hilo watu walitumie, walirekebishe na kuliongezea, nao wakafanya hivyo. Leo linaitwa JMdict, na vidahizo vyake vimepita 200,000.

Tovuti ya Jisho imejengwa juu ya faili hilo, na inafaa kuitazama kwa karibu ili kuona ukarimu wa mtu mmoja umefika wapi. Andika *tabemashita* kwa herufi zetu hizi za kawaida. Itakwambia kwamba hilo ni umbo la adabu la wakati uliopita la kitenzi *taberu*, kula, kisha ikuletee kitenzi chenyewe, kanji yake (herufi ya asili ya Kichina), maana zake na sentensi za mfano. Huijui kanji inavyosomwa? Ichore kwa kidole, au chagua vipande unavyovitambua ndani yake, na orodha itajipunguza mpaka uipate.

Sentensi nyingi kati ya hizo za mfano zina historia yake. Profesa Yasuhito Tanaka wa Chuo Kikuu cha Hyogo aliwapa wanafunzi wake zoezi: kila mmoja alete jozi 300 za sentensi, Kijapani na Kiingereza. Baada ya miaka kadhaa zikafika jozi 212,000, zikatolewa kwa umma mwaka 2001. Zilikuwa na makosa mengi na marudio mengi, kama kazi za wanafunzi zilivyo, na watu wa kujitolea wakakaa kuzichambua hadi zikabaki 150,000 hivi. Baadaye ziliingia Tatoeba, mradi wa sentensi ulioanzishwa na Trang Ho mwaka 2006, na huko zinaendelea kusahihishwa hadi leo.

Kanji nzito kuliko zote

Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina herufi 2,136 tangu mwaka 2010. Yenye mistari mingi kuliko zote ni 鬱, *utsu*, huzuni nzito ya moyo: mistari 29. Kwa mbali ni doa tu la wino. Ikivunjwa vipande inaeleweka: juu kuna mti, chungu, mti; chini yake kifuniko; kisha kipande cha mistari 10, na pembeni mikwaruzo mitatu. Michoro ya KanjiVG, kazi ya bure iliyoanzishwa na Ulrich Apel, huonyesha mstari upi unatangulia na upi unafuata kwa maelfu ya herufi, hiyo ikiwamo. Anayeanza asiiguse bado. Herufi 46 za hiragana, zile za silabi, kwanza.

Inayokula bando kidogo zaidi

Kwetu neno bure lina sharti lake, kwani video ya bure hulipiwa kwa bando. Ndiyo maana taji hili nalitoa kwa Anki, programu ya kadi za kukariri iliyotolewa mwaka 2006 na Damien Elmes, ambaye mwenyewe alikuwa anajifunza Kijapani. Unapakua mafungu ya kadi mara moja, kisha unaweza kukaa miezi bila intaneti. Kadi uliyoikumbuka vizuri hurudi baada ya siku nyingi. Uliyoisahau hurudi hivi punde. Kwenye kompyuta na simu za Android hulipi kitu. Kwenye iPhone inauzwa.

Kongwe kuliko zote

Mwaka 1603, mjini Nagasaki, Wajesuiti wa Kireno walichapa *Vocabulario da Lingoa de Iapam*, kamusi ya maneno zaidi ya 32,000. Kurasa zake zimepigwa picha na unaweza kuzisoma bila kulipa. Ua, ambalo leo ni *hana*, limeandikwa humo *fana*, kwa kuwa ndivyo lilivyotamkwa enzi hizo. Haimfai anayeanza, ila mpenzi wa lugha atapotelea humo usiku mzima.

Maktaba kubwa, na ukame mrefu

Maktaba ya mtandaoni ya Aozora Bunko ilianza 1997. Watu wa kujitolea, Michio Tomita akiwa mwanzilishi wao, walichapa kwa mikono vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, wakavihakiki neno kwa neno. Kazi zake sasa zimepita 17,000, za waandishi kama Sōseki, Akutagawa, Dazai na wengine. Mafaili yake ni ya maandishi matupu, mepesi sana. Anayetoka kwenye vitabu vya mafunzo aanze na *Gongitsune* ya Nankichi Niimi, hadithi ya mbweha ambayo watoto wa Japani huisoma darasa la nne. Kwa anayeona hata hiyo ni mlima, shirika la kujitolea la Tadoku hutoa vitabu vyepesi vya bure kuanzia ngazi ya 0, vyenye maneno machache kwa kila ukurasa.

Tarehe 30 Desemba 2018 Japani ilirefusha hakimiliki kutoka miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi hadi 70. Tomita, aliyefariki 2013, aliipinga hatua hiyo alipokuwa hai. Matokeo yake, hakuna waandishi wapya watakaoingia kwa hakimiliki yao kuisha hadi Januari 2039. Mwandishi Mishima, aliyefariki 1970, angekuwa amefunguliwa tangu 2021. Sasa ni 2041.

Pengo pana kuliko yote

JMdict ina maana kwa Kiingereza, na pia kwa Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kiholanzi, Kihispania, Kihungari, Kiswidi na Kislovenia. Kiswahili hakimo. Lakini wapo watu Nairobi wanaoketi kila Desemba kufanya mtihani wa kimataifa wa Kijapani, JLPT, na wanayajua maneno ya Kijapani vizuri. Pa kuanzia papo: Tatoeba inamruhusu yeyote aliyejiandikisha kuongeza tafsiri ya Kiswahili chini ya sentensi ya Kijapani, moja moja, hata kwa simu.