Ardhi Inayoachia Mguu

Tazama marudio ya polepole ya mchezo wowote wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani uliochezwa kwenye nyasi asilia. Mkimbiaji ameukumbatia mpira, anaona njia imezibwa, anakita mguu wa kushoto ili akate kulia. Papo hapo pande la udongo lenye nyasi, ukubwa wa kiganja, linang'oka na kuruka nyuma yake. Wengi hawalioni, maana macho yao yanaufuata mpira. Lakini pande lile limefanya kazi kubwa. Nguvu iliyokuwa ikipanda kutoka meno ya njumu hadi kifundo cha mguu na goti imepata pa kutokea. Ardhi imekatika kabla ya mtu.

Mweke sasa mkimbiaji yuleyule juu ya nyasi bandia. Nyuzi za plastiki zimeshonewa kwenye zulia, zulia limetandazwa juu ya kokoto, na katikati ya nyuzi umemwagwa mchanga pamoja na punje nyeusi za matairi makuukuu yaliyosagwa. Hapang'oki kitu. Jino la njumu likinasa limenasa. Mwili unaendelea kugeuka, unyayo umebaki palepale, na goti ndilo linalobeba tofauti hiyo. Mjadala mzima wa nyasi asilia na nyasi bandia, ambao Wamarekani wameuendesha kwa miaka karibu 60, nauona mimi umejikusanya katika sehemu ya sekunde ile. Je, uwanja unauachia mguu, au unaung'ang'ania?

Plastiki hii haikubuniwa kwa ajili ya futiboli. Mwaka 1965 mji wa Houston ulifungua Astrodome, uwanja wa besiboli wenye paa. Paa lilikuwa na vioo vya plastiki vya kupitisha jua ili nyasi ziote ndani. Wachezaji wakawa hawauoni mpira ukiwa juu kwa sababu ya mng'ao, vioo vikapakwa rangi, nyasi zikafa. Mwaka uliofuata kampuni ya Monsanto ikaleta zulia lake, likabatizwa AstroTurf kwa jina la uwanja wenyewe, na timu ya Chuo Kikuu cha Houston ikaanza kucheza futiboli juu yake. Mwaka 1968 Tennessee nao wakang'oa nyasi zao na kutandika zulia la kampuni nyingine. Michigan wakafuata 1969, Nebraska 1970. Makocha walifurahi. Hakuna matope, hakuna mashimo ya Novemba, na vijana wenye mbio walionekana kuongezewa gia.

Miili ndiyo iliyoanza kutoa hesabu. Zulia la zama hizo lilikuwa na manyoya mafupi ya nailoni juu ya godoro jembamba, na chini yake lami. Aliyeanguka alichunika ngozi kama aliyeburuzwa barabarani. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliandika juu ya jeraha ambalo walikuwa wakilikuta kwa wachezaji wao zaidi ya mara tano kila msimu: kidole gumba cha mguu kukunjwa kwenda juu hadi kiungo chake cha chini kuchanika. Sababu waliyoitaja ni kiatu laini juu ya sakafu ngumu. Wakaliita kwa jina la zulia lenyewe, na mpaka leo madaktari wa michezo dunia nzima wanalitumia jina hilo. Ni jambo la kuwaza, uwanja kuchangia neno jipya katika kamusi ya tiba.

Basi wengine wakarudi nyuma. Florida walirejesha nyasi mwaka 1990, alipowasili kocha Steve Spurrier, ambaye aliwahi kuuchezea uwanja huohuo ukiwa bado na nyasi. Michigan wakarejea 1991, Tennessee na Oklahoma 1994. Ungedhani hadithi imeishia hapo. Lakini kukaja kizazi kipya cha zulia, lenye nyuzi ndefu zaidi na laini na zile punje za tairi. Nebraska wakalitandika 1999, Michigan wakaiacha nyasi kwa mara ya pili 2003, na mwaka 2014 hata Notre Dame, chuo kinachotunza desturi zake kama urithi wa ukoo, kikachoka kubadilisha nyasi zilizokuwa zikifa kila msimu kikaweka plastiki. Wakati huohuo Ole Miss walikuwa njiani kurudi kwenye nyasi, mwaka 2016, na Arkansas wakafuata 2019. Anayekwambia kwamba jambo hili limekwisha kuamuliwa, muulize kwa nini vyuo vyenye fedha na wataalamu vinapishana mlangoni namna hii.

Takwimu zipo, ila zinataka kusomwa taratibu. Watafiti waliopitia kumbukumbu za majeraha za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa misimu ya 2004 hadi 2009, waliitazama ligamenti ya mbele ya goti, ile ambayo kurasa za michezo huiita ACL. Kwenye nyasi bandia ilichanika mara 1.73 katika kila mahudhurio 10,000, na kwenye nyasi asilia mara 1.24. Hudhurio moja ni mchezaji mmoja kuingia uwanjani mara moja, iwe mazoezi au mechi. Namba hizi zinaonekana ndogo mpaka uzipeleke kwenye kikosi. Chukua timu ya vijana 100, ikiingia uwanjani mara 100 kwa mwaka: hayo ni mahudhurio 10,000. Tofauti kati ya nyuso hizo mbili ni kama nusu ya goti kila mwaka, yaani goti moja zima la ziada kila baada ya miaka miwili, kwa timu moja. NCAA ina timu za futiboli zaidi ya 600. Na goti hilo lina mwenyewe, kijana wa miaka 20, anayesubiri upasuaji na miezi tisa au zaidi ya kujifunza upya kukimbia.

Upande wa pili nao una ushahidi. Uchunguzi wa miaka mitatu uliofuatilia michezo 465 ya vyuo 24, ukachapishwa 2010, ulikuta majeraha machache zaidi kwenye zulia la kizazi kipya kuliko kwenye nyasi. Fedha za uchunguzi huo zilitoka kwa mtengenezaji wa zulia lililokuwa likipimwa. Hilo halitoshi kuutupa, na mwandishi wake hakuficha. Ila linatosha kumfanya msomaji ausome mara mbili. Kisha kukaja uchambuzi mpana zaidi, wa kumbukumbu za NCAA za miaka kumi hadi 2014. Huu uligundua jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: katika mechi za madaraja ya chini, la pili na la tatu, ACL zilichanika kwa kiwango cha mara 1.63 kwenye nyasi bandia ukilinganisha na asilia, na ligamenti ya nyuma ya goti zaidi ya mara tatu.

Kwa nini huko chini? Nionavyo mimi, jibu limo katika umri wa zulia na mfuko wa mwenye zulia. Nyasi bandia huishi miaka minane hadi kumi. Kadiri zinavyokanyagwa nyuzi hulala, punje za tairi husogea pembeni au kushindiliwa, na katikati ya uwanja, pale wachezaji wakubwa wa mstari wa mbele wanaposukumana kila dakika, huwa pagumu kama sebule iliyosakafiwa. Chuo tajiri huleta mashine ya kuchambua na kulegeza, na miaka ikitimia hubadilisha zulia zima. Chuo kidogo, ambako zulia lilelile linatumiwa na bendi, timu ya kandanda, timu ya magongo na wanafunzi wa jioni, husogeza mwaka mmoja mbele, kisha mwingine. Wasomaji waliowahi kucheza Nyamagana pale Mwanza au Kaitaba pale Bukoba wanajua zulia likiwa jipya na likiwa limechoka ni vitu viwili tofauti.

Joto nalo nitalitaja, kwa sababu huwa linasahauliwa na watu wa mikoa ya baridi. Mwaka 2002, katika Chuo Kikuu cha Brigham Young mjini Provo, kocha mmoja alipata malengelenge kwenye nyayo akiwa amevaa viatu, kwenye zulia la mazoezi. Wataalamu wa chuo, Frank Williams na Gilbert Pulley, wakaenda na vipimajoto. Siku ambayo hewa ilikuwa nyuzi 37 za Selsiasi, uso wa zulia ulifika 93. Katika kipimo kingine, walipomwagilia ulishuka kutoka 79 hadi 29, na baada ya dakika tano ukawa umepanda tena hadi 49. Mazoezi ya futiboli ya vyuo huanza Agosti, jua likiwa kali, na vijana wamevaa kofia ngumu na pedi za mabega.

Lakini tusizipambe nyasi asilia kuliko zilivyo. Nyasi mbovu zina madhara yake. Fainali ya NFL ya Februari 2023 ilichezwa Arizona juu ya nyasi hai, na wachezaji wa kulipwa waliteleza kama watoto kwenye baraza lenye maji. Nyasi zinazotawala viwanja vya kusini mwa Marekani ni bermuda, na bermuda ni ukoka, huuhuu unaotambaa kando ya njia zetu. Mtafiti Glenn Burton wa Tifton, jimbo la Georgia, alipata chotara wake na ndugu yake wa Afrika Kusini, akatoa mwaka 1960 aina laini na ngumu kufa inayotumiwa mpaka leo. Ukoka hupona haraka kwa sababu hutambaa, ukijeruhiwa hujishona wenyewe. Ila ni mtoto wa jua. Baridi ikiingia hulala, na hauponi mpaka joto lirudi. Msimu wa kawaida wa futiboli unaishia Desemba. Ndiyo maana kusini watunza uwanja hupanda nyasi nyingine za baridi juu yake, na kaskazini, ambako jeraha la Novemba halifungi mpaka Aprili, wengi wamekata tamaa.

Hata hivyo, uwezo upo pale penye nia. FIFA ilisema wazi kwamba mechi zote za Kombe la Dunia la 2026 lazima zichezwe kwenye nyasi hai, hata katika viwanja vilivyotandikwa plastiki. Waliopewa kazi ya kutafuta namna ni wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tennessee na cha Michigan State.

Nani anachagua, basi? Wachezaji wa NFL wana chama chao, na mwaka 2020 kilisimama hadharani na takwimu za ligi yenyewe, kikionyesha kuwa majeraha ya miguu yasiyotokana na kugongana yalikuwa asilimia 28 zaidi kwenye nyasi bandia. Wa vyuo hawana chama cha namna hiyo. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, lakini hakuna kikao ambamo kijana anaulizwa acheze juu ya nini.

Na uwanja wa mechi si hata nusu ya habari. Timu hucheza mechi 12 hivi katika msimu wa kawaida, karibu nusu yake ugenini. Siku nyingine zote mchezaji yuko kwenye uwanja wa mazoezi, ambao hauonyeshwi kwenye televisheni, na chuo chenye ukoka wa kupendeza ndani ya uwanja mkuu kinaweza kuwa na zulia kuukuu nyuma ya jengo.

Familia za Waafrika Mashariki walioko Minnesota, Texas na Ohio zina vijana wanaotembelea vyuo hivi wakitafuta nafasi. Mzazi atembezwapo kuonyeshwa vyumba vya kuvalia vinavyometameta, aombe kupelekwa huko nyuma. Apige goti, apitishe vidole kati ya nyuzi aone kama punje bado zimo au amefika kwenye zulia lenyewe. Aulize lilitandikwa mwaka gani. Kuna kipimo rahisi cha ugumu: uzito wa kilo tisa hivi unaachiwa kutoka sentimita 60, na kifaa kinasoma jinsi ulivyosimamishwa ghafla. Kikisoma zaidi ya 200, uwanja hauchezeki. Aulize kipimo hicho kilifanyika lini mara ya mwisho, na karatasi yake iko wapi.