Kobe Mchanga Asiyekula

Mwenye kibali cha kufuga, kama sheria ya Uganda ya wanyamapori ya mwaka 2019 itakavyo, asistaajabu kobe wake mchanga akijificha gambani na kukataa chakula siku za mwanzo. Watoto wa kambini humhurumia, wakampa ugali na maziwa. Huruma hiyo humdhuru, kwani tumbo lake limeumbwa kwa nyasi na majani. Mara nyingi kinachomnyima hamu ni baridi: joto lake hulipata nje ya mwili, na sakafu ya saruji humnyang'anya hilo dogo alilo nalo. Alazwe juu ya udongo mkavu, apate jua la asubuhi na kivuli cha kukimbilia. Aogeshwe maji vuguvugu yasiyomfika shingoni, kisha awekewe nyasi changa na kuachwa peke yake. Macho yakimvimba, apelekwe upesi kwa daktari wa mifugo.